Asubuhi ya Kutafuta Picha ya Baba

Baba alifariki alfajiri, nyumbani Makere, mke wangu akiwa pembeni yake. Mimi nilikuwa Kibondo kwa sababu ya kazi, na kwa simu nikapewa jukumu moja tu: kuleta picha kubwa ya marehemu, yenye fremu, kabla ya mazishi ya saa kumi. Ukoo mzima ulijua kwamba picha za baba zilikuwa kwenye kompyuta yangu. Hakuwa mtu wa picha. Simu ikielekezwa kwake aligeuka kutafuta jembe.

Nikaingia steshenari moja karibu na stendi, kompyuta kwapani. Betri yake ilikufa siku nyingi, haiwaki bila umeme wa ukutani, na mawingu yalikuwa yameshajikusanya. Huku kwetu mvua ikitaka kunyesha, umeme hutangulia kuondoka. Nje, wenzangu wa ofisini walikuwa ndani ya gari, injini inanguruma, wananisubiri twende msibani.

Niliandika jina la baba kwenye kisanduku cha kutafuta. Hakuna. Nikaandika na lile la ubatizo. Hakuna. Nikaandika "mzee", ikaniletea ratiba ya kumuaga mzee wetu wa stoo aliyestaafu.

Hapo damu ikanichemka, maana nilijua wa kumlaumu. Mwaka jana mke wangu aliipanga kompyuta hii. Mimi faili zangu zote nilikuwa naziacha mbele, pale pale inapowaka, nyingine nimeziita "mpya", "mpya kabisa", "mpya ya mwisho". Ilikuwa fujo, lakini fujo yangu, na nilijua kila kitu kilipo. Yeye kasomea uhazili, hawezi kuvumilia vitu vilivyotapakaa. Alifungua folda, akabadilisha majina, akafuta alivyosema vimejirudia. Nilipolikumbuka neno hilo, kufuta, nikatoa simu mfukoni.

Taa zikafifia, zikarudi.

"Kaka, fanya haraka," mwenye duka akasema. "Huu ukikatika, ni mpaka kesho."

Nikampigia mke wangu. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeshayapanga, makali, ya kumuumiza mtu aliyekesha na mgonjwa wangu. Mpaka leo naushukuru mtandao kwa kunigomea.

Mara ya tatu alipopokea, nilisikia wanawake wakiimba nyuma yake.

"Umefuta picha za baba?"

"Sijafuta."

"Mbona nimeandika jina lake, hakuna kitu?"

Akashusha sauti. "Baba watoto, jina lile mimi ningeliandikaje?"

Mke wangu ni mzaliwa wa Kitahana, kalelewa na bibi yake, na kwa Waha wa malezi yale mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake. Desturi hiyo naijua tangu utotoni. Mama yangu alikuwa akilifikia jina la babu, analizunguka kama anayekwepa dimbwi njiani. Sikuwahi kufikiri kwamba hata vidole vinabanwa nayo. Kila faili niliyoipa jina la baba, yeye alilibadilisha kwa adabu, akaandika lile analoruhusiwa.

"Fungua folda ya watoto," akasema. "Ndani utaona imeandikwa 'Babu yao'."

Ilikuwepo. Nilitegemea kukuta picha niliyopiga mimi nje ya kanisa, baba kavaa koti, kakaza uso utadhani yuko mahakamani. Nayo ilikuwepo. Lakini zilifuata nyingine nyingi alizopiga mke wangu, nisizowahi kuziona. Baba anapukuchua maharage. Baba kasinzia kwenye kiti. Na moja akiwa kwenye mihogo yake, kofia imekaa upande, anacheka mpaka pengo linaonekana.

Baba hakuwahi kunichekea hivyo. Mimi alinisalimia kwa kuniuliza kazi inaendaje, basi, anarudi kwenye shughuli zake. Nilimwonea wivu mke wangu, tena siku ya msiba, na uliniuma kweli.

Honi ikalia nje. Mwenye duka akauliza tunatoa ipi. Nikamwonyesha ile ya kicheko. Karatasi ilitoka kwenye printa taratibu, kwanza kofia, halafu macho, na mimi nikawa naomba kimoyomoyo umeme usubiri hata kidevu kitoke. Ulikatika wakati tunafunga fremu.

Makere, mke wangu aliipokea picha kwa mikono miwili, akaifuta vumbi kwa kitenge chake. Nilimvuta pembeni, nikamuuliza alimwambia nini mzee mpaka akacheka vile.

"Alikuwa amenuna kama kawaida yake," akasema. "Nikamwambia, Baba, hii nampelekea mwanao. Tangu siku hiyo, kila nikija ananiuliza kama umeiona."