Kutafsiri kila neno kuliniangusha mtihani wa Kijerumani, leo natajwa kama tunda la mbinu hiyo

Wakuu, heshima kwenu.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara kadhaa, kwa sababu mimi ni mtu wa kutaka kila sentensi inyooke. Leo utoke hivyo hivyo. Nina hasira, na ninayoyasema yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa.

Nipo Ilemela, Mwanza. Kijerumani nimejifunza mwenyewe kwa simu na vitabu vya kudurufu. Hospitali moja ya Ujerumani ilinikubali kwa mafunzo ya uuguzi, sharti nifaulu mtihani wa lugha. Mara ya kwanza nikafeli. Wakaniandikia kwamba watanishikia nafasi kwa jaribio moja tu tena, basi.

Sikufeli kuongea wala kusikiliza. Nilifeli kusoma. Mimi, ninayesoma mpaka maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi.

Buswelu tuna kikundi kinachokutana Jumamosi sebuleni kwa kaka mmoja, nimwite Deus. Alisoma seminari huko Kagera. Kilatini alifundishwa kwa kupasua neno moja moja, naye akatuletea kisu kilekile.

Sheria yake ni hii: juu ya kila neno la Kijerumani unaandika Kiswahili chake kwa penseli. Ukikutwa na neno tupu, unasimama mpaka ulipate. Wenzako wameketi, wewe umesimama kama mtuhumiwa. "Anayeruka neno anajidanganya," ndiyo kauli yake.

Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa sumu yenye sukari. Neno nisilolijua linaniwasha kama upupu. Karatasi zangu zilikuwa nyeusi kwa penseli, na Deus alikuwa anaziinua wengine wazione. Nilikuwa nafurahi, wakuu. Nakiri.

Ila ungeniuliza karatasi inahusu nini, sijui. Nina maneno yote, habari sina.

Kwenye mtihani kamusi hairuhusiwi. Habari ya kwanza ilikuwa barua ya mwenye nyumba kwa wapangaji kuhusu takataka. Mstari wa pili tu, neno refu kama treni ya mizigo. Nikakwama. Nikaligawa, nikaliunga, nikaligawa tena. Msimamizi anakusanya karatasi, habari za mwisho sijazigusa.

Baadaye nikaja kujua lile neno lilikuwa jina tu la ofisi ya taka. Hakuna swali hata moja lililoligusa.

Baada ya hapo mimi na mama tukaenda msibani Sengerema. Wakati wa kurudi, tupo kwenye kivuko cha Kamanga, nyuma yetu wamama wawili wanapiga soga kwa Kisukuma. Sisi ni Wahaya, Kisukuma nilikiokota mtaani utotoni. Mmoja alikuwa anamsema shemeji yake: kalia kuliko mjane, halafu kawa wa kwanza kunawa. Nikacheka kwa sauti.

Mama, ambaye Kisukuma hakimpandi, akataka kujua wamesema nini. Nikamweleza.

"Na lile neno alilokuwa analirudiarudia?"

"Silijui, mama."

"Sasa umecheka nini?"

Hasira yangu ilianzia hapo. Mtaani kwetu watoto wa Kihaya, Kijita na Kijaluo tulicheza kwa Kisukuma bila kamusi, na hakuna aliyesimamishwa kwa sababu ya neno. Nani alituambia kwenye karatasi akili hiyo haitumiki?

Nikaweka penseli mbali.

Habari ngumu nikawa naisoma kwanza mpaka mwisho bila kusimama, hata nikiambulia robo. Kisha najiuliza kwa Kiswahili: nani anamwambia nani, na anataka nini? Barua ya mwenye nyumba haina jipya popote duniani: kuna kitu mmekosea, na kuna tarehe ya mwisho. Nikishajua hilo nasoma maswali, halafu narudi kwenye habari. Neno geni likinizibia njia tena na tena, ndipo nalitafuta. Lisiporudi, liende zake.

Mwanzoni ilinisumbua, sitanii. Kuacha neno nilihisi kama nimetoka nyumbani bila kufunga mlango.

Nikarudia mtihani. Nimefaulu, nafasi ninayo.

Sasa kilichonitibua. Jumamosi iliyopita Deus aliniita nisalimie wanakikundi wapya. Nafika, amebandika ukutani karatasi yangu ya zamani, ile nyeusi. Anawaambia mimi ni tunda la mbinu zake. Na wakati anasema hivyo, dada Anastazia, mwenzetu wa siku nyingi kikundini, aliyekwisha kufeli mara mbili na ameanza kusema anaacha, amesimama. Neno tupu. Mtu mzima, ana mtoto, anaangalia sakafu.

Nikasema, "Kaka, nakuheshimu. Lakini mbinu ya karatasi hiyo ndiyo iliyonifelisha. Nimefaulu nilipoiacha."

Akatabasamu. "Dogo, msingi nimeuweka mimi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Mkunga gani anamsimamisha mzazi?"

Kuna mtu alicheka, akajifanya anakohoa.

Nisimwonee, sarufi alinifundisha vizuri, na kamusi sijaitupa. Lakini kumwaibisha mtu kwa neno moja si kufundisha.

Nikabandua karatasi yangu. Nikamwomba Anastazia aketi, asome habari yake yote bila penseli, aniambie tu inahusu nini. Akasoma polepole mpaka chini.

"Ni mtu anaomba ruhusa kazini, mtoto wake anaumwa. Bosi anamzungusha."

Ndivyo ilivyokuwa. Akaikodolea macho ile karatasi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Kwa hiyo mimi si kilaza?"

Wakuu, somo langu ni hilo. Tafuta habari kwanza, maneno yatafuata. Na kabla hujamwita mtu mzito wa kuelewa, angalia umempa njia gani ya kusoma.

Aliyewahi kusimamishwa kwa sababu ya neno, la lugha yoyote, aandike hapa chini alitokaje. Anastazia anarudi kufanya mtihani, na huu uzi anausoma.