Nilivyouua mwembe wa mama kwa panga la kuazima

Habari zenu wakuu. Niko Sib, Muscat. Siongezi chumvi hapa. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Mama yangu alihamia huku kutoka Unguja na kokwa ya embe boribo mkobani. Akaipanda uani, tukala maembe miaka mingi. Asubuhi alikuwa anausalimia mti kabla yetu sisi.

Mwaka jana haukuzaa. Nikakumbuka kwetu, mti mvivu huchanjwa panga shinani ushtuke uzae. Mama alikuwa harusini Quriyat, nikataka kumfurahisha.

Panga hatuna. Nikaazima kwa jirani, ambaye wiki ileile alikuwa amekata mwembe wake uliokauka. Nikalifuta kwa kitambaa tu, nikauchanja mti shinani. (Najua wakuu, subirini.)

Haikupita miezi mitatu, shina likatoa utomvu mweusi. Matawi yakakauka, majani yamekufa lakini hayadondoki.

Nikamwita mtaalamu wa kilimo. Akabandua gome, ndani kweusi, na vitundu kama vya sindano. Akasema ni fangasi, anabebwa na kidudu kinachotoboa gome, na kidudu hicho hupenda mti wenye jeraha. Panga lililokata mti mgonjwa nalo huambukiza. Dawa hakuna, ukatwe uchomwe.

Akauliza, "Na makovu haya ya nini?"

Mama ana mtoto wa jicho, haoni vizuri. Akajibu yeye: "Makovu gani? Mti wangu haujaguswa na mtu."

Nikainama kuokota vipande vya gome. Yule bwana akanitazama, akaendelea kuandika.

Tukauchoma. Mama akaniambia, "Nnamjua alouua. Mke wa jirani kausifia bila kusema mashallah."

Sasa hapa ndipo ninapokosa usingizi. Nyumba hizi mbili zimepelekeana futari miaka yote, na sahani ya mtu hairudishwi tupu. Ramadhani hii mama karudisha yao tupu. Aliyetumwa kuipeleka ni mimi.

Mke wa jirani akaifunua, akatazama ndani, akasema, "Msalimie mama yako."

Funzo: usichanje mti, na panga la kuazima lisafishe kwa spiriti kabla halijagusa chochote. Mimi nimelijua nikiwa nazoa majivu.

Nimwambieje mama, wakuu? Semeni chochote, matusi nimeshajitukana mwenyewe.

Jana kaniombea dua mbele ya wageni. Kasema katika watoto wake wote, ni mimi niliyeuhangaikia mti wake.