Nilibuni lugha ya dunia nzima, mama mkwe akafa bila kusikilizwa

Wakuu, salaam. Naanza na ujinga wangu ili msihangaike kuutafuta: mama mkwe anakata roho, anataka kuacha neno, mimi namfundisha lugha. Sijaongeza chumvi.

Mimi Msamia wa Dabani, upande wa Uganda, form four ya kuchechemea, mtu wa kukaa nyumbani. Mke wangu Athieno, Mjopadhola, ndiye anavuka mpaka kwenda kufanya biashara sokoni Busia ya Kenya. Mimi nalinda kuku na kuwaza.

Katika kuwaza nikabuni lugha. Hapa mpakani kila mtu na yake, nikasema neno lifanane na kitu chenyewe. Maji ni glu. Moto, tsss. Maumivu, ii. Kulala, krrr. Nikajiona nimewapita maprofesa.

Mama mkwe akaletwa kwetu kutoka Mella, mgonjwa. Hajui Kiswahili, mimi Kidhopadhola chao sifuri. Na mila mnazijua, mkwe haingii alipolala mama mkwe. Basi nakaa nje ya mlango, pazia katikati. Akisema glu, nasukuma kikombe chini ya pazia.

Ilifanya kazi, wakuu. Hata alicheka.

Siku yenyewe Athieno yuko sokoni. Mama akaanza kuongea. Maneno marefu, ya kwao, taratibu, kama mtu anayepanga vitu vyake.

Nikamkatiza. "Mama, glu? Ii?"

Akaanza upya. Nikamkatiza tena.

Mwisho akasema "krrr". Nadhani ili nimwache.

Athieno alirudi akamkuta ameshapoa.

Sasa mwili uko mochwari. Ndugu za baba mkwe wanataka kumzika Merikit, kando ya kaburi la mume aliyemfukuza na mtoto mgongoni. Athieno anataka Mella, kwenye kashamba kake. Wazee wananigeukia: wewe ulikuwepo, alisema nini?

Athieno haniulizi. Ananiangalia tu.

Nilichojifunza: maji yana sauti, moto una sauti. "Nizikeni pale" haina.

Aliyewahi kuona mvutano kama huu aniambie uliishaje. Wa kunitukana nao waje, ila wamechelewa. Jirani yetu Mama Owori, Mjopadhola kama marehemu, alikuja kutoa pole, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Mimi nilikuwa hapa tu nyuma ya fensi, namenya muhogo. Mdomo ya kuniita ulikuwa nayo."