Marufuku Kumkumbusha Meneja

Mastura, mpiga taipu wa kampuni moja ya watalii mjini Malindi, alimkumbusha meneja mara mbili kwamba wageni wangeshuka uwanja wa ndege asubuhi. Akajibiwa, "Usinifundishe kazi!" Gari halikupelekwa, wageni wakachomwa na jua hadi adhuhuri.

Mkutanoni meneja akamnyooshea kidole. "Huyu ndiye aliyetuaibisha. Hakunambia!"

Wenzake wakainamisha vichwa, isipokuwa Kahindi, dereva. "Alikwambia, bwana. Nilikuwapo."

Meneja akaufunga mkutano papo hapo. Kesho yake akatoa amri: ni marufuku kumkumbusha meneja jambo lolote bila ruhusa yake.

"Yarabi! Kazi gani hii?" Mastura akamuuliza Kahindi. Basi akajitanda buibui lake, akaenda zake kwao Mambrui, na kazi akamwachia mwenyewe.