Meno ya Wiki Sita

Kwa jumla ilinigharimu shilingi elfu tatu, nauli ya lori kutoka Mgeta kwenda na kurudi, na jogoo mmoja. Nimehesabu tena. Jogoo bado ni mmoja, ila alikuwa mkubwa.

Meno yenyewe yalikuwa mawili ya mbele, ya plastiki, yameshikana. Fundi wa meno mjini Morogoro alinibandikia baada ya mimi kuteleza mlimani nikiwa na tenga la karoti kichwani. "Haya ni ya muda," alisema. "Baada ya wiki sita uje tukuwekee ya kudumu." Nilipoisikia bei ya hayo ya kudumu, nikaona wiki sita zinaweza kuvutwa kidogo. Zikavutika miaka minne.

Biashara ya nafaka ilikuwa imeachiwa huru, na kila mwenye gunia tupu alijiita mfanyabiashara. Nami nikaacha karoti, nikawa nanunua mahindi Gairo. Huko mnunuzi hataji bei kabla ya kung'ata punje. Ikipasuka kwa mlio mkavu, mahindi yamekauka. Ikibonyea, yataoza ghalani. Muuzaji anakutazama mdomoni tu.

Siku moja nilisikia mlio mkavu kabisa. Punje ilikuwa nzima. Yaliyopasuka ni meno.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wiki sita zimeisha?"

"Zimekaribia."

Akayageuza kwenye mwanga. "Yamezeeka kukushinda. Elfu nne."

"Elfu mbili. Si kazi yako mwenyewe unairekebisha?"

"Na mahindi niliyatafuna mimi?"

Tukaafikiana elfu tatu. Jogoo niliyekusudia kumuuza sokoni akawika chini ya kiti, fundi akampenda, naye akaingia kwenye bei.

Fundi alikwangua ufa kwa tupa ndogo, akachanganya unga na maji yake yenye harufu kali, akapaka. Kabla mchanganyiko haujawa mgumu akayaweka kinywani mwangu, akayatoa, akayarudisha, yasije yakagandia mengine. Yalikuwa na joto la yai lililotagwa sasa hivi. Dirishani, Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu hadi kiunoni. Nikajiona nashuka humo polepole, tenga halina uzito, nayahesabu meno yangu kwa ulimi, na kila nikirudia yanatimia.

"Amka, mama," fundi akasema. "Haya sasa ni ya kuchekea. Ukiuma punje moja tu, utaniletea vipande."

Wiki iliyofuata nilikuwa Gairo mbele ya magunia ishirini, mtaji wangu wote umefungwa kwenye pindo la khanga. Muuzaji, bibi mmoja, aliniwekea punje kiganjani akangoja. Niliishika mpaka ikapata joto. Magego yangu yalikwisha kung'olewa zamani. Kama ni mabichi, sina mtaji mwingine.

Bibi aliniona nasita, akacheka. Kinywani mwake hamkuwa na jino hata moja.

"Bibi," nikamwambia, "hebu nifundishe. Wewe unajuaje kama yamekauka?"