Nilipomwaga Dang'a

Siku ile ng'ombe wa mke mwenzangu alipozaa, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku yangu ya harusi. Zilikuwa enzi za Ujamaa. Tulikuwa tumeshahamia kijiji kipya upande wa Kiabakari, nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Mimi ndiye mke mkubwa, nina mabinti watatu. Nyangeta, mke mdogo, alijifungua mtoto wa kiume mara yake ya kwanza tu, na mume wetu kwa furaha akampa mtamba mwekundu mwenye mimba.

"Akizaa jike," akasema mbele yangu, "huyo ndama ni wa mwanangu."

Mimi kwa mabinti watatu nilikuwa nimepewa kanga. Niliona wivu, sikufichi. Nilimwonea wivu Nyangeta, nikamwonea mtoto wake, nikamwonea mpaka yule ng'ombe kwa jinsi mume wangu alivyokuwa akimpapasa mgongoni.

Ng'ombe alizaa mchana, watu wote wakiwa shamba la kijiji wanachuma pamba. Mimi nilibaki nyumbani nikisingizia mgongo. Ndama alikuwa jike, mwekundu kama mama yake, anasimama na kuanguka, anatafuta chuchu. Nikamfunga pembeni. Nikakamua yale maziwa ya kwanza, mazito ya njano, hadi kiwele kikalegea, nikayamwaga nyuma ya jiko na kuyafukia kwa majivu, kisha nikamfungua ndama kabla watu hawajarudi. Kesho yake Nyangeta alipoondoka nikarudia. Sikutaka ndama afe. Nilitaka akonde tu, mume wangu akose cha kujivunia. Ndivyo nilivyojidanganya.

Siku ya tatu ndama akaanza kuharisha, ya tano akafa. Na hawa ng'ombe wetu wa kienyeji unawajua, bila ndama hawashushi maziwa. Mtoto wa Nyangeta akakosa maziwa, na wanangu mimi mwenyewe wakanywa uji mtupu. Mume wetu akamwambia Nyangeta kwamba mkono wake una mkosi. Niliyasikia maneno hayo, na nisikudanganye, moyo wangu ulifurahi.

Baada ya wiki chache tulikuwa darasani, elimu ya watu wazima, alasiri, kwenye banda la pamba. Mwalimu wetu alikuwa binti wa mtaa wa Mukendo, mtoto wa mjini aliyemjua ng'ombe akiwa nyama. Aliandika ubaoni neno moja: dang'a. Akatueleza kuwa kwa Kiswahili ndiyo maziwa ya kwanza ya mnyama aliyezaa. Watu wakachangamka, kila mmoja akataja jina la kwao, Wajita lao, Wakurya lao, na sisi letu.

"Lakini maziwa si maziwa tu?" mwalimu akauliza. "Asili ya kuyapa jina lake peke yake ni nini?"

Nyangeta akasimama, mtoto mgongoni.

"Mwalimu, mengine yote tunagawanaga. Haya tunamwachiaga ndama kwanza, maana asipoyapata hanaga nguvu. Wazee waliyapa jina lake ili ukilitaja tu ujue kwamba yana mwenyewe." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wa kwangu aliyanywa, lakini akafa tu. Sijui nilikosea wapi."

Mwanangu, nilikuwa nimekaa nyuma yake. Ningeweza kuinamia daftari langu. Nikajikuta nimesimama.

"Hakuyanywa," nikasema. "Niliyamwaga mimi. Nilikuwa nakuonea wivu."

Nyangeta akageuka, akanitazama.

"Dada," akasema, "si ungenipiga tu mimi? Yule alikukosea nini?"

Nilimpa mbuzi wangu wote wawili, akawapokea bila kunitazama, na hakunisalimia hadi pamba ya mwaka uliofuata. Ilikuwa haki yake. Mume wetu nilimweleza mwenyewe, mbele ya Nyangeta, kwamba mkono wenye mkosi ulikuwa wangu.

Usidhani wivu uliniisha siku ile. Hata sasa sisi ni vikongwe, Nyangeta akipita na kitenge kipya nageuza shingo. Tofauti ni kwamba siku hizi namwambia, "Hicho kitenge kinaniuma," naye anacheka, ananiambia nife na wivu wangu.

Basi shika hili. Ukimwonea mwenzako wivu, mwambie yeye, hata kama utaaibika. Usiupeleke kwa asiyeujua ugomvi wenu. Na kitu alichowekewa kiumbe mchanga usikiguse, hata kama wewe ndiye mkubwa wa nyumba na hakuna anayekuona.

Mungu akupe watoto na mifugo. Na siku wivu utakapokujia, maana utakuja, akupe mdomo wa kuusema kabla mkono wako haujaamka.