Maziwa Kwenye Chupa ya Saba

Mdogo wangu wa kike ana mwaka wa ishirini na sita akiosha chupa na kupima unga kwenye maabara moja, na humo wanamwita Mizani. Ukimwambia akupimie gramu mbili utapata mbili, hapunguzi wala haongezi. Mimi miguu yangu haitulii; nikichoka kwa mwanangu nahamia kwake, na mchana namfuata kazini, nakaa ukumbini kuangalia wenye makoti meupe wakipita mbio. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Kazi yao ni kutoa sukari kwenye mabua ya mahindi. Usicheke, mimi nilicheka nikakatazwa. Mizani alinieleza huku anasugua chupa.

"Kaka, ndani ya bua kuna sukari tele, imetungwa kama shanga. Uzi huo ndio selulosi. Sasa wanaleta vimeng'enya, vimkasi visivyoonekana kwa macho, vinakata shanga mojamoja. Shida ni lignini."

"Nani huyo?"

"Si mtu! Ndiyo inayofanya bua lisimame. Imeishika selulosi kama zege lilivyoshika nondo. Vimeng'enya haviwezi kupenya, na vikiigusa vinanasa kama nzi kwenye gundi. Bosi wetu, Daktari, anamwaga vimeng'enya vya bei, nusu yake vinaishia kukumbatiana na lignini."

Nikacheka tena. Mlinzi akanitolea macho.

Basi, Mizani ana vidonda vya tumbo, na kila saa nne asubuhi sharti anywe maziwa. Naye Daktari, bosi wa chumba kile, binti mdogo kwa umri lakini mkali kama pilipili, amepiga marufuku chakula maabarani. Mizani akabuni njia: anakoroga maziwa ya unga kwenye chupa ya kazi, anaificha kati ya chupa nyingine rafuni, anapiga funda akipita.

Jumatatu moja, yamebaki mafunda mawili, Daktari akatokea mlangoni. Mizani akairudisha chupa rafuni mbiombio. Mara akaitwa nje kupokea mzigo. Aliporudi alikwisha sahau, akaitilia bua lililosagwa, maji na vimeng'enya kama zile nyingine, akaibandika namba saba, akazipanga zote kwenye sanduku la joto linalozitikisa chupa mfululizo.

Alhamisi wakapima. Chupa nyingine zote zilitoa sukari ya siku zote. Ya saba, karibu mara mbili! Daktari alivua koti akalizungusha hewani, akamkumbatia mlinzi, akanikumbatia na mimi asiyenijua. Akawapigia simu wakubwa: njooni wiki ijayo mjionee.

Mizani hakucheza. Alinivuta pembeni.

"Kaka, nimekwisha. Ile ya saba ina maziwa yangu."

"Nyamaza. Nani atajua?"

"Wakirudia bila maziwa haitatoka, na mtoto wa watu ataaibika mbele ya wakubwa wake. Nikisema, nafukuzwa kazi."

"Basi jikohoze, uumwe wiki nzima."

"Ndiyo maana wewe hukudumu kazi yoyote," akasema, akaingia ndani. Nikamfuata mpaka mlangoni.

"Daktari, mwanangu, kaa chini."

"Nimesimama vizuri tu, mama."

"Chupa yako ya saba ina maziwa."

"Maziwa gani?"

"Ya kunywa."

"Kwenye maabara yangu?"

"Miaka mitatu sasa."

Sasa Daktari alikaa. "Umeniua, mama! Kumbe sukari yenyewe ni ya maziwa! Nimewaita wakubwa waje kuangalia uji!"

"Mafunda mawili hayana sukari kiasi kile. Nipe chupa tatu nipime. Ikiwa ni ya maziwa, barua ya kuacha kazi naandika mwenyewe."

Miaka yote ile, juu ya mafunda mawili!

Chupa ya kwanza alitia bua bila maziwa, ya pili maziwa bila bua, ya tatu vyote viwili. Vimeng'enya akagawa sawasawa, mkono hautikisiki. Kutikisika nilitikisika mimi, siku tatu nzima, nikilichungulia lile sanduku mpaka mlinzi akaniuliza kama nimetaga mayai humo.

Siku ya nne Daktari akasoma. Bua pekee: ileile ya kawaida. Maziwa pekee: "Karibu sifuri!" Ya tatu akaisoma, akairudia tena.

"Mama."

"Abee."

"Karibu mara mbili."

Weee! Zilipigwa kelele mpaka mlinzi akaja na rungu. Daktari alimshika Mizani mikono, wanazunguka kati ya meza, huku anapaza sauti: "Ni protini ya maziwa! Inawahi kujibandika kwenye lignini, inajaza nafasi zote za kunasia! Vimeng'enya vikija vinakosa pa kunasa, vinakwenda moja kwa moja kwenye selulosi!"

"Si ndivyo nilivyosema?" akajibu Mizani, ambaye hakusema hivyo hata kidogo.

Wakubwa walikuja, wakaona, wakapeana mikono. Jioni ile Daktari alimpa Mizani karatasi mbili: oda ya maziwa ya unga kwa matumizi ya maabara, na barua ya onyo kali kwa kunywa maziwa maabarani. Zote mbili zina sahihi moja.

Mizani aliniletea ile ya onyo, akataka aisikie ikisomwa. Nilisoma kwa sauti ya kihakimu, lakini tulipofika "kwa kificho, kwa muda usiopungua miaka mitatu", Mizani alikaa sakafuni kwa kucheka, na mimi barua ikanidondoka.